Kutafuta Mkutano wa Walioacha Pombe Johannesburg

Leo naandika juu ya jambo ambalo majumbani mwetu husemwa kwa sauti ya chini, mlango ukiwa umefungwa. Ni ulevi wa mtoto wetu, na namna tulivyomtafutia watu wa kukaa nao ili auache. Mwenyewe amenipa ruhusa kuandika kwa sharti moja, nisimtaje jina, na sharti hilo nitalitimiza. Naandika kwa sababu baada ya khabari zetu kuvuja kidogo, nimepigiwa simu na watu wanne kutoka Maskati, Sharjah na Doha, na kila mmoja alianza kwa kusema anamuulizia rafiki yake.

Mwezi wa Mei 2023 dada yangu alinipigia kutoka Maskati usiku wa manane. Mwanawe yuko Johannesburg mwaka wa kumi na moja, anatengeneza simu katika duka moja la Fordsburg. Mwenye nyumba alikuwa amempigia kumwambia kwamba kijana hajatoka chumbani siku nne. "Kaka," akaniambia, "wewe umestaafu, Kiingereza unakijua, mambo ya maofisi unayajua. Nenda ukanitazamie mwanangu." Sikuweza kumkatalia.

Nilitua mwanzoni mwa Juni. Kule ndiyo baridi yenyewe. Johannesburg uko juu, karibu mita 1,750 kutoka usawa wa bahari, na mtu wa pwani huisikia baridi yake mpaka ndani ya mifupa. Nilimkuta mpwa wangu katika chumba kimoja Mayfair, mtaa wanaokaa Wasomali wengi na Waislamu wa kila namna, misikiti iko karibu, adhana unaisikia dirishani. Chini ya kitanda palikuwa na chupa saba. Nilizihesabu, maana nilikuwa karani miaka thelathini na nne na kuhesabu kumekuwa kama maradhi kwangu.

Hapo nikafanya kosa, nalieleza ili mwengine asilirudie. Nilimwaga pombe yote, nikafunga mlango, nikatia ufunguo mfukoni nikamwambia, "Hapa hutoki siku tatu, itakutoka yenyewe." Nilidhani nafanya kazi ya mjomba. Kesho yake alasiri mikono ilikuwa inamtetemeka hata kikombe hakikamatiki, jasho linamtiririka katika baridi ile, na usiku akaanza kufukuza wadudu ukutani ambao mimi siwaoni. Mwenye nyumba, Mungu amlipe kheri, akaleta gari tukampeleka hospitali.

Daktari alinieleza kwa upole, lakini alinieleza. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa miaka, mwili wake umeshajipanga kwa pombe. Ukimkatia ghafla, katika siku mbili za mwanzo anaweza kushikwa na kifafa, na kati ya siku ya pili na ya nne akili inaweza kuruka, moyo ukaenda mbio, joto likapanda, na wako wanaokufa. Kwa hiyo mnywaji wa kiasi hicho huachishwa chini ya mganga, kwa dawa za kutuliza zinazopunguzwa siku hadi siku, na hupewa vitamini B1 ambayo pombe humaliza mwilini. Mpwa wangu alikaa pale siku tano. Ikiwa katika makala haya utakumbuka jambo moja tu, basi na liwe hili la daktari kwanza.

Siku ya kutoka, muuguzi mmoja wa makamo alinipa karatasi ya orodha ya mikutano. Akasema kijana aende siku ile ile, asingoje wiki ijayo. Hapo ndipo kazi yangu ilipoanza, maana ile orodha ilikuwa ndefu kuliko nilivyotarajia na mimi sikujua hata maana ya maneno yake.

Basi nieleze kwanza hii mikutano ni kitu gani. Mikubwa na ya zamani zaidi ni ya Alcoholics Anonymous, yaani walevi wasiotajwa majina, na watu wote huiita AA. Ilianzia Marekani mwaka 1935. Bill Wilson, mtu wa biashara ya hisa kutoka New York, alikuwa ameacha pombe miezi michache tu. Alikwenda mji wa Akron, jimbo la Ohio, kwa shughuli ambayo iliharibika, akabaki peke yake katika ukumbi wa hoteli huku upande wa pili anasikia kelele za baa. Akajijua kwamba akikaa pale ataingia. Akaiendea simu, akaanza kupigia makanisa yaliyoorodheshwa pale, akiomba aunganishwe na mlevi yeyote wa kuzungumza naye. Mwisho akafikishwa kwa daktari wa upasuaji, Bob Smith, mlevi aliyeshindikana. Daktari alikubali kumpa robo saa. Wakakaa saa sita. Daktari alikunywa mara ya mwisho tarehe 10 Juni mwaka ule, na siku hiyo ndiyo AA huhesabu kuwa ya kuzaliwa kwake. Napenda kisa hiki kwa sababu kinaonyesha kwamba hata aliyeanzisha mambo haya alianza kwa kupiga simu huku na huku, hajui nani atapokea.

Afrika Kusini AA iliingia mwaka 1946, na Johannesburg ni miongoni mwa miji ilipoanzia. Leo kuna mikutano mingi mjini kila siku ya wiki, asubuhi, mchana na usiku, na mingine ni ya mtandaoni. Hakuna ada wala fomu. Sharti la kuingia ni kutaka kuacha kunywa, basi. Kikapu hupitishwa wanachama watie wanachoweza kwa kodi ya ukumbi na chai, na pesa za watu wa nje hawazipokei. Hilo nililithibitisha mwenyewe. Katika mkutano mmoja niliokaribishwa nilitia noti ya randi mia mbili, na baada ya mkutano mshika fedha akanifuata mpaka mlangoni akanirudishia. Katika miaka yangu yote ya ukarani sijapata kuona mweka hazina akimkimbiza mtu kwa sababu hiyo.

Katika orodha, mikutano mingine imeandikwa ya wazi na mingine ya ndani. Ya wazi anaingia yeyote: mama, mjomba, mwanafunzi wa uganga, akae asikilize. Ya ndani ni ya wenye tatizo wenyewe. Kisha kuna ambayo mtu mmoja husimama akasimulia maisha yake, kuna ya kusoma na kuzungumza hatua zao kumi na mbili moja moja, na kuna ambayo kila mtu husema kidogo. Mgeni halazimishwi kusema. Anaweza kutaja jina lake la kwanza akanyamaza, au asitaje kabisa. Yanayosemwa mle hayatoki nje, na kwa sababu hiyo mimi pia nitaeleza tuliyopitia sisi tu, ya wengine siyasemi.

Nilifungua daftari, nikapiga mistari: siku, saa, mahali, njia ya kufika, na maoni yake yeye, si yangu. Hilo la maoni yake lilinichukua muda kulikubali.

Wa kwanza ulikuwa karibu, dakika kumi kwa miguu. Nikaona huu ndio. Mpwa wangu akakataa kata kata. "Mjomba," akasema, "nikionekana naingia pale, kabla ya Isha Maskati nzima imeshajua." Nilicheka, lakini alikuwa na haki. Watu wetu wa Fordsburg na Mayfair wana macho, na simu zao zinafika Ruwi kabla yako. Ukaribu ambao kwangu ulikuwa ndiyo sifa ya mkutano, kwake ulikuwa ndiyo mlango uliofungwa.

Wa pili tukaenda mbali, vitongoji vya kaskazini kwenye majumba yenye kuta ndefu. Watu walikuwa wema sana, walitupa chai na biskuti. Lakini Kiingereza chao kilikuwa cha haraka, na shida zao zilizungukia mawakili wa talaka na maghala ya mvinyo. Halafu usafiri. Johannesburg daladala zao huitwa teksi, na kila njia ina ishara yake ya kidole. Ukitaka kwenda mjini unainua kidole cha shahada juu. Tulihitaji teksi mbili kwenda na mbili kurudi, na kurudi ilikuwa saa tatu usiku, na mwaka ule umeme ulikuwa ukikatwa kwa zamu masaa mengi kila siku, barabara giza. Mkutano ambao mtu anaogopa kurudi kutoka kwake hatauhudhuria mara ya tatu.

Wa tatu ulikuwa katikati ya mji. Pale watu walichanganya Kizulu, Kisotho na Kiingereza, wakicheka na kulia katika sentensi moja. Mimi niliupenda. Mpwa wangu anakijua Kizulu cha dukani, cha bei na betri na vioo vya simu, lakini hicho hakimtoshi kusemea mambo ya moyoni. Alilala nusu ya mkutano.

Wa nne tulikosea. Nilisoma vibaya karatasi, tukaingia mkutano wa Narcotics Anonymous, ambao ni ndugu wa AA ulioanza California mwaka 1953 kwa ajili ya watu wa dawa za kulevya. Vijana wadogo walizungumza juu ya nyaope, unga wa mitaani wa kule. Walitupokea bila kutuuliza, na kwao pombe nayo inahesabiwa kuwa dawa ya kulevya kama nyengine. Lakini mpwa wangu alipotoka alisema, "Mimi si mtu wa unga." Nilimnyamazia. Zanzibar nyumba za soba, zilizookoa watoto wengi wa jamaa zetu, zimejengwa juu ya hatua hizo hizo kumi na mbili, na anayedharau kundi moja huenda kesho akalihitaji. Lakini siku ile hayakuwa maneno ya kumwambia.

Kati ya hapo tulipoteza pia siku tatu kwa nyumba moja ya kulaza watu, siitaji jina, ambayo ilitaka malipo ya miezi mitatu mkononi. Nilipoomba kuona cheti cha usajili, maneno yakawa mengi na cheti hakikuonekana. Sheria ya Afrika Kusini namba 70 ya mwaka 2008 inataka kila kituo cha kulaza na kutibu waraibu kisajiliwe na wizara ya ustawi wa jamii. Anayempeleka mtu wake kule aombe kukiona hicho cheti kabla ya kutoa hata randi moja. Iko pia SANCA, baraza la taifa la mambo ya ulevi na dawa za kulevya, tangu mwaka 1956, lenye ofisi katika miji mikubwa, ambalo huweza kumpima mtu na kumwelekeza. Nilichelewa kulijua.

Wa tano ulikuwa wa saa sita na nusu mchana. Nilipenda saa ile: teksi moja, jua bado lipo, na bosi wake alikubali kumpa mapumziko marefu siku mbili kwa wiki. Tatizo lilikuwa mlangoni. Ukumbi ulikuwa wa kanisa, na juu ya mlango msalaba wa mbao. Akasimama. "Mjomba, hili kanisa."

Hapa itabidi niseme habari yangu kidogo. Mimi nilisoma shule ya misheni. Marehemu baba alisema hesabu haina dini, nenda ukasome, lakini Ijumaa nisisikie hukuwapo msikitini. Miaka minane niliketi chini ya msalaba mkubwa kuliko ule, Ramadhani nikifunga, na mapadre wakinipa ruhusa ya kukaa kivulini wakati wa michezo. Nikamwambia, "Mwanangu, huu ni ukumbi wa kupanga. Wanalipa kodi. Mimi nimekula wali katika nyumba kama hizi na shahada yangu bado ninayo." Ulikuwa mkutano wa ndani, kwa hiyo sikuweza kuingia naye. Akaingia peke yake. Nikakaa nje juani kwenye ukuta mfupi, nikahesabu walioingia: kumi na moja.

Alitoka na kipande cha karatasi chenye nambari ya simu. Hakusema kitu mpaka tuko ndani ya teksi, karibu na kushuka. Akaniambia yumo mtu wa Kongo anayesema Kiswahili, kile cha kule kwao, na kwamba hakuna aliyemuuliza kwao wapi wala baba yake nani. Walimuuliza kama jana usiku alilala. Nikaandika katika daftari: "Huu."

Ningeambiwa mwanzo kwamba mkutano unaomfaa kijana wa Kiswahili, Mwislamu, mtoto wa watu, utakuwa katika ukumbi wa kanisa pamoja na Wakristo, na atakayeshika mkono wake ni Mkongo, nisingeamini. Mimi nilikuwa natafuta watu wanaofanana naye. Yeye alihitaji mahali ambapo hajulikani mwana wa nani, na palipo karibu kiasi cha kufikika hata siku ambayo hataki kwenda. Ukimtafutia mtu wako, usichague unaoupenda wewe. Mwache aende mitano, sita, tena arudie ule ambao mara ya kwanza haukumpendeza, maana siku si zote sawa.

Najua wasomaji wangu wengi wataniuliza juu ya dini, kwa hiyo nisilipite. Hatua za AA zinamtaja Mungu, na zinaacha kila mtu amfahamu kwa namna yake. Wenye kuanzisha walikuwa wametoka katika kundi la Kikristo lililoitwa Oxford Group, na harufu yake ipo. Mikutano mingi humalizika kwa dua fupi watu wamesimama duara. Mpwa wangu husimama, hunyamaza, na moyoni husoma yake. Nilimuuliza imamu mmoja ninayemwamini, akanijibu kwa swali: ukiwa unazama na anayekurushia kamba ni Padre, utauliza kamba imetoka duka gani? Akanikumbusha pia kwamba ulevi wenyewe ulikatazwa kwa hatua, si kwa siku moja, na mafundisho hayo tunayajua sote ila tunayasahau yanapofika kwa watoto wetu. Anayetaka njia iliyoandikwa upya kwa Kiislamu, ipo: Millati Islami, iliyoanza Baltimore, Marekani, mwaka 1989, nayo hufuata hatua kumi na mbili kwa lugha ya dini yetu. Na asiyetaka kabisa habari za dini katika matibabu, iko SMART Recovery, ya tangu 1994, ambayo hutumia mazoezi ya fikra na tabia. Sisi tulipata letu, hatukuendelea.

Je, inafaa kitu? Karani hapendi kusikia "wanasema." Mwaka 2020 watafiti wa shirika la Cochrane, linalopima tafiti za uganga, walikusanya tafiti 27 zenye watu zaidi ya 10,000. Walikuta kwamba wanaopelekwa katika AA kwa utaratibu mzuri hufanikiwa kukaa bila pombe sawa na wanaopata tiba nyengine zinazotambulika, na kwa kuacha kabisa moja kwa moja wanawazidi. Si dawa ya kila mtu. Lakini ni bure, na iko wazi hata Jumapili.

Sasa nije kwa jambo lililonigusa mimi. Ile orodha ya muuguzi ilikuwa na sehemu ya chini ambayo sikuitazama wiki tatu nzima: Al-Anon, mikutano ya jamaa za walevi. Ilianzishwa mwaka 1951, na kiongozi wake alikuwa Lois, mke wa yule Bill Wilson. Ipo pia ya watoto wao, Alateen. Nilikwenda kwa sababu ya kukaa bure, nikidhani nitakuwa mtazamaji. Wengi walikuwa wanawake, na mzee kama mimi alikuwa mmoja tu. Yao siyasemi. Yangu ni haya: nilipofika zamu yangu nilitaka kueleza habari za kijana, na nikajikuta naeleza za dada yangu na zangu.

Dada alikuwa akimpelekea pesa kila mwezi, "ya kodi," miaka minne. Duka lilikuwa likimlipa. Kodi alikuwa akilipa mwenyewe siku njema, na za mama zilikwenda kunako chupa. Mimi mwenyewe, wiki ile ile ya kwanza, nilimpigia bosi wake nikasema kijana ana homa ya baridi, kwa sauti ya mtu mzima mwenye heshima, na bosi akaamini. Nilikuwa nimemdanganya mtu asiyenikosea kitu ili mpwa wangu asione matokeo ya kunywa kwake. Na mimi ndiye niliyekuja kumfundisha ukweli.

Nilimpigia dada usiku ule. Hatukuelewana. Alilia, akasema namfanya yeye ndiye mlevi. Siku kumi hakupokea simu yangu. Siku ya kumi na moja alipokea akaniuliza, "Hiyo mikutano ya kina mama, Maskati ipo?" Nikamwambia iko ya mtandaoni, kwa Zoom, na aliingia, kamera imefungwa, jina ameandika herufi moja.

Kwa walioko Ghuba, mengine ni mepesi kidogo kuliko mnavyodhani. Maskati iko hospitali ya Al Masarra, na Abu Dhabi kiko Kituo cha Taifa cha Urekebishaji tangu 2002, ambavyo vyote hutibu uraibu. Mikutano ya mtandaoni haina mpaka wala jirani. Mtu wako akiwa Johannesburg, London au Nairobi na wewe uko Sohar, unaweza kumsaidia kwa kumuuliza "leo umekwenda?" badala ya "umeacha?" Kodi ukitaka kumlipia, mlipe mwenye nyumba moja kwa moja. Na usitangulize imamu wala wazee wa ukoo kabla ya daktari. Hao wana nafasi yao, nayo si ya siku tatu za mwanzo.

Johannesburg pombe si jambo la pembeni. Sisi tuliokuwa vijana wa Drum, lile gazeti la picha lenye toleo la Afrika Mashariki, tuliwahusudu waandishi wake wa Sophiatown na hadithi zao za shebeen, bila kujua wangapi kati yao pombe iliwamaliza. Mwafrika kule mpaka mwaka 1962 hakuruhusiwa kununua pombe ya kizungu dukani, kwa hiyo kunywa kwa siri kulikuwa pia ni namna ya kumkaidi mtawala. Na karibuni, wakati wa korona, serikali ilipiga marufuku kuuza pombe tangu 27 Machi hadi mwisho wa Mei 2020, kisha mara nyengine tatu mpaka 2021. Mananasi yalipanda bei, maana watu walitengeneza pombe yake jikoni. Mpwa wangu aliniambia ndipo alipojijua. Wenzake dukani walinung'unika siku mbili wakasahau. Yeye alinunua chupa kwa bei ya mara nne kutoka kwa mtu asiyemjua, gizani, akapitia njia yenye polisi ili afike.

Niliondoka Septemba. Wakati huo alikuwa na sponsa wake, yaani mtu aliyetangulia ambaye humpigia simu saa yoyote. Desturi yao ni mwanamume kwa mwanamume, mwanamke kwa mwanamke. Alikuwa na kisarafu cha siku sitini, kidogo kama shilingi, anakiweka pamoja na funguo. Novemba akaanguka. Mkesha wa harusi ya rafiki yake, kikombe kimoja, kisha siku tatu. Alimpigia yule Mkongo kabla ya kunipigia mimi, na nakiri kwamba niliona wivu. Walimpeleka kwa daktari kwanza, halafu ukumbini, na kisarafu akaanza upya kutoka siku ya kwanza. Hakuna aliyempa hotuba.

Dada bado huniuliza kila wiki, "Ameshapona?" Mimi humjibu kwamba amekwenda Jumanne na Alkhamis. Hataki jibu hilo, lakini sina jengine, na yeye mwenyewe sasa ana mkutano wake wa Jumatatu ambao hakosi.

Siku hizi mpwa wangu ndiye anayefungua ule ukumbi Jumanne na kubandika maji ya chai. Wiki iliyopita nilimpigia saa sita na robo za mchana, nimesahau siku. Nikamuuliza hali, akasema nzima, nikaanza kumweleza habari za mguu wangu. Nikasikia mlango nyuma yake, na viti vinaburutwa. "Mjomba, shikamoo, nitakupigia," akasema, "watu wameanza kuingia." Akakata.